Mwalimu Mstaafu na Kiti cha Kamati (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilimfuata mwalimu hadi anapoaga kazi, kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akifika 60, na hesabu za kikokotoo cha pensheni zikimsubiri. Leo tutazame anakoelekea: kwenye kamati ya shule na, kwa wengine, udiwani.

Dumila, pale barabara ya Kilosa inapoachana na ile ya Dodoma, mwalimu mstaafu hapotei. Kijana wa bodaboda alimfundisha, mwenye duka la pembejeo alimfundisha, na mtendaji wa kijiji huenda aliwahi kuonja fimbo yake. Wazazi wakiitwa kuchagua kamati ya shule ya msingi, jina lake halikawii kutajwa.

Kamati na bodi huchanganywa sana. Zote zimo katika Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, lakini bodi ni ya sekondari na wajumbe wake hupatikana kwa uteuzi. Kwenye kamati wazazi huchagua wawakilishi wao, na mwalimu mkuu huwa katibu. Kwa mwenye ndoto ya udiwani tofauti hiyo si ndogo: wa bodi anajulikana maofisini, wa kamati ameshahesabiwa kura.

Kwa muda mrefu kamati nyingi zilikuwa za kusikiliza taarifa tu. Mambo yalibadilika MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika, na fedha za ruzuku na ujenzi zikaanza kufika shuleni. Wakulima wa mahindi na mpunga wakajikuta wanajadili bei ya saruji na mabati, na mwenyekiti akawa mtu wa kuulizwa fedha zimekwenda wapi.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 michango ya lazima ikakoma. Hapo ndipo mstaafu aliyepewa uenyekiti hupimwa kwelikweli. Amezoea darasa linalonyamaza akikohoa tu. Sasa mama muuza nyanya anasimama mkutanoni na kuuliza kwa nini achangie chakula cha mchana wakati elimu ni bure. Mstaafu hana fimbo, hana daftari la mahudhurio. Lazima ambembeleze, amwoneshe hesabu, akubali kukatizwa kauli. Kwa maoni yangu, waliosifika kwa ukali darasani ndio hushindwa mapema.

Baadhi ya walimu waliofika mbali kisiasa hawakupitia njia hii ya kamati. Margaret Sitta, aliyekuwa Waziri wa Elimu, aliwahi kuwa Rais wa Chama cha Walimu. Kassim Majaliwa alikuwa mwalimu, akawa katibu wa chama hicho, mkuu wa wilaya, mbunge wa Ruangwa mwaka 2010, na Waziri Mkuu mwaka 2015. Chama kinafundisha kudai. Kamati inafundisha kudaiwa.

Akitaka udiwani, mwenyekiti wetu lazima apate chama cha siasa kimdhamini, maana mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu mjini Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Ndani ya chama kuna kura za maoni, na wapiga kura wake hawaangalii nani alifaulisha wangapi.

Akivuka hapo, kata humuuliza yasiyo ya shule. Mafuriko ya Januari 2014 yaliyoikata barabara kuu kwenye daraja la Dumila hayajasahaulika. Wala wilaya ya Kilosa haijasahau Rudewa Mbuyuni, ambako Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Akishinda, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Maombi ya madarasa ya shule zote yatapita mbele yake, na wenzake wa kamati ya zamani watakuwa wa kwanza kumwendea, wakitaka shule yao itangulie.