Kuumia Moyo Haraka: Ni Tabia au Ni Ugonjwa?



Katika mikutano ya afya vijijini huulizwa swali hili: "Mtu akilia kwa jambo dogo, au akikasirika kwa neno dogo, je, ni mgonjwa wa huzuni au ndivyo alivyozaliwa?" Ni swali la maana, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama mtu huyo atasaidiwa au atachekwa. Katika toleo hili tutajaribu kulijibu.

Tuanze na wale waliozaliwa na moyo mwepesi. Wako katika kila familia. Mtoto wa jirani akilia, na wao machozi yanawalengalenga. Wakigombezwa mbele za watu, maneno yale wanalala nayo siku tatu. Lakini wakifurahi, wanafurahi kwelikweli, na palipo na msiba ndio wa kwanza kufika na kuni na maji. Hawa si wagonjwa na hawahitaji dawa yoyote.

Ugonjwa wa huzuni, ambao Tanzania huitwa pia sonona, ni jambo jingine. Dalili zake kubwa ni mbili: huzuni inayokaa karibu siku nzima, karibu kila siku, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda zamani. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo usingizi ukaharibika, chakula kisikupendeze, mwili ukachoka bila kazi, mawazo yasitulie, ukajiona huna faida na kazi za nyumbani zikakushinda, hapo huzungumzii tabia tena. Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika.

Je, ugonjwa huu unafanyaje mtu aumie haraka?

Fikiria mkono ulioungua. Hata kitambaa laini kikigusa pale, utaruka. Kitambaa hakina kosa, ila ngozi iliyo chini yake ina jeraha. Ndivyo moyo wa mgonjwa wa huzuni unavyokuwa. Jirani amepita bila kusalimu; pengine alikuwa anawaza deni lake, hakukuona. Mtu mzima wa afya angesema, "Leo huyu ana haraka." Mgonjwa anasema, "Ananichukia. Kila mtu ananichukia." Kwenye bomba la maji mtu akimwuliza, "Mama, jerikeni yako ni ipi?" anasikia kama anaambiwa kuwa ameruka foleni.

Si kwamba anatafuta ugomvi. Watafiti wamewaonyesha wagonjwa wa huzuni picha za nyuso za watu wasiocheka wala wasiokasirika, na wagonjwa wengi huelekea kuziona nyuso hizo kuwa zina huzuni. Kumbukumbu nayo hugeuka: mabaya ya zamani yanakuja upesi, mazuri yanachelewa. Ongeza kukosa usingizi, ambako peke yake kunatosha kumfanya mtu yeyote awe mkali, na utaelewa kwa nini nyumba nyingi zinagombana wakati tatizo lenyewe halijaonekana.

Hasa kwa wanaume na vijana, ugonjwa huu mara nyingi huvaa nguo ya hasira. Baba aliyekuwa mpole anaanza kupiga kelele kwa sababu ya chumvi. Kijana anajibu vibaya, anaacha shule, anajifungia. Watu husema "ameharibika". Wengine hukimbilia pombe ili walale, nayo pombe huzidisha huzuni ikishatoka kichwani.

Lakini kuna upande mwingine ambao watu wengi hawaujui, na kwa maoni yetu ndio wa hatari zaidi kwa sababu haupigi kelele. Wapo wagonjwa ambao hawaumii haraka. Hawasikii kitu kabisa. Hawalii hata mazishini. Mama anamshika mtoto wake kama vile ni wa mtu mwingine. Jamaa wanamsifu: "Huyu dada ana nguvu, amejikaza." Kumbe moyo umekufa ganzi. Ukimwona mtu wa namna hiyo, usimpite.

Kwa hiyo usihesabu machozi. Angalia mabadiliko. Jiulize: zamani alikuwaje? Mwepesi wa kulia tangu utotoni, anayekula, anayelala na kufanya kazi zake, mwache alivyo. Lakini mtu mgumu ambaye mwezi huu analia kila siku, au mcheshi aliyenyamaza ghafla, huyo apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Mfano mzuri ni mama aliyejifungua. Siku chache baada ya kuzaa, akina mama wengi hulia bila sababu, na neno la mkwe linawachoma. Hiyo ni kawaida. Hupita yenyewe kabla ya wiki mbili. Ikipita wiki mbili na bado analia, halali hata mtoto akilala, au hamtaki mtoto, huo sasa ni ugonjwa, na mtoto naye yuko hatarini kwa sababu kunyonyesha kunaweza kuharibika.

Vivyo hivyo na msiba. Anayemlilia mtu wake si mgonjwa. Majonzi huja na kuondoka kama mawimbi, na katikati mtu anaweza hata kucheka akikumbuka vituko vya marehemu.

Je, mwenye moyo mwepesi atapata ugonjwa huu siku moja?

Hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wengine, lakini wengi wao hawaugui. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba karibu theluthi moja ya hatari ya ugonjwa wa huzuni inatokana na urithi. Sehemu kubwa inatokana na maisha: vita, kufiwa, kubakwa, njaa, upweke, kungoja miaka bila kujua mwisho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyokuwa na vita katika miaka 10 iliyotangulia, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Maana yake wanne hawana. Kuwa mkimbizi siyo ugonjwa.

Msaada upo, na mwingine haukutoka mbali. Mwaka 2002, hapa hapa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walikuta kwamba wanavijiji walikuwa na majina yao kwa huzuni hii: kwa Kiganda waliitaja hali ya kujichukia na hali ya kujihurumia. Katika vijiji 30 walivyochagua, baadhi viliundiwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofundishwa wiki mbili. Watu walizungumza juu ya waliofiwa nao, ugomvi wa nyumbani, na mabadiliko ya maisha. Mwanzoni watu 86 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni; mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, walibaki zaidi ya nusu.

Dawa nazo zipo kwa wanaozihitaji, kama fluoksetini na amitriptilini. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kusaidia, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano. Usiziache ghafla, usimpe jirani, na uzifiche mbali na watoto, kwani amitriptilini ikizidi inaua.

Nyumbani, acheni kumwambia mgonjwa "jikaze" au "wenzako wameteseka kuliko wewe". Anajua tayari, na neno hilo linamwongezea aibu. Kaa naye. Mwambie, "Naona hulali siku hizi, niambie." Mwombe mtoke pamoja, hata ni kuteka maji tu.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafuu ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za shamba na vidonge vyote, na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku.

Ukifika kituoni, mwambie mhudumu mambo matatu: hali imeanza lini, unalala saa ngapi, na nini huwezi tena kufanya. Kama hujui Kiingereza, omba mkalimani wa Kiswahili. Kama hutaki mkalimani awe jirani yako, sema, atatafutwa mwingine.