Kompyuta Katika Darasa la Watoto

Muungano wa Jubilee uliposhika serikali ya Kenya mwaka 2013, ulikuwa umekwisha kuwaahidi wazazi kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta. Na ahadi hiyo, baada ya kucheleweshwa na mabishano ya zabuni na kugeuzwa umbo, ilianza kutimizwa mwaka 2016 kwa vishikwambi, ambavyo hatimaye vilizidi milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Shule ambazo tangu kujengwa hazikupata kuona taa ya umeme zilivutiwa nyaya au kuwekewa mitambo ya jua, na walimu wakaitwa mafunzoni. Lakini katika shule nyingi vyombo vilifungiwa makabatini, kwa kuwa hofu ya wizi ilishinda tamaa ya manufaa, na mwalimu wa darasa lililofurika watoto hakuona ni saa ipi katika ratiba yake ingeweza kutengwa kwa ajili yavyo.

Silitaji jambo hili kwa kulaumu, maana nchi iliyothubutu kufikisha chombo cha namna hiyo kwa mtoto wa mkulima na wa mfugaji inastahili heshima. Nalitaja kwa sababu ladhihirisha umbali uliopo baina ya kumpa mtoto chombo na kumpa elimu yake. Mtoto apewaye kishikwambi chenye hadithi na michezo atajua kukitumia kwa asubuhi moja, pasi na msaada wa mtu, lakini abiria aliyevuka bahari mara nyingi hawi nahodha kwa kuvuka. Elimu yenyewe ni kufahamu kwamba mashine haina hiari, kwamba kila ilitendalo imeamriwa na mtu kwa maagizo yaliyopangwa kwa taratibu, na kwamba mtu huyo aweza kuwa yeye mtoto.

Aliyeliona hilo mapema ni Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akafanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mchunguzi mashuhuri wa akili za watoto, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967, zama ambazo kompyuta zilikuwa mali ya vyuo vikuu, majeshi na makampuni makubwa, yeye na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye Logo ikapewa kobe: mashine ndogo yenye magurudumu, itambaayo sakafuni na kuchora mstari inakopita, na kisha kobe wa nuru katika kioo cha kompyuta.

Mtoto humwamuru kobe aende mbele hatua 100 na kugeuka kuume digrii 90, na akiyarudia maagizo hayo mara 4 hupata mraba. Furaha yake huwa kubwa, lakini faida iliyo kubwa zaidi huja ajaribupo pembetatu. Amekwisha kufundishwa kwamba pembetatu yenye pande sawa ina pembe za digrii 60, basi humwamuru kobe ageuke digrii 60. Kobe hutii, huenda, hugeuka, na umbo hukataa kufunga. Mtoto hustaajabu, kwa kuwa hesabu aliyoikariri ni sahihi ilhali matokeo yake ni batili. Papert alipenda mtoto wa hali hiyo ajifanye kobe: atembee sakafuni, afike kwenye ncha, ageuke. Hapo huhisi kwa mwili wake kwamba hana budi kugeuka sana, zaidi ya robo ya mzunguko, na akitafakari hutambua kwamba kobe hazunguki kwa kadiri ya pembe ya ndani, bali kwa kadiri iliyobaki hata kutimia 180, nayo ni 120. Hakukemewa, wala daftari lake halikutiwa alama nyekundu. Kosa lilikuwa kitu cha kuchunguzwa, naye alilichunguza. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo moyo wa somo zima, na mwalimu aharakishaye kuitaja 120 humnyang'anya mtoto kile alichokuja kukitafuta.

Mrithi wa Logo ni Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Mitchel Resnick na wenziwe wa chuo cha MIT, ambamo mtoto hupachikanisha vipande vya maagizo badala ya kuyaandika herufi kwa herufi. Scratch hupatikana bure, yaweza kutumiwa pasipo intaneti ikiisha kupakuliwa, na maagizo yake yasomeka kwa Kiswahili.

Na pasipokuwa na kompyuta kabisa? New Zealand, tangu miaka ya 1990, Tim Bell na wenzake wamebuni mafunzo yasiyohitaji hata waya mmoja. Watoto 5 husimama mstarini, kila mmoja na kadi iliyokatwa katika katoni kuukuu, nazo kadi hizo zina nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Mwalimu akitaja 21, wenye 16, 4 na 1 huzionyesha nukta zao, na wenye 8 na 2 huzigeuza kadi zao kinyume. Kwa kuonyesha na kuficha tu watoto hao huweza kutaja kila idadi tangu 0 hata 31, na wakiipa kila herufi namba yake hupelekeana majina kutoka pembe moja ya darasa hata nyingine. Na kompyuta nayo, katika undani wake, huhifadhi barua, picha na sauti zote kwa hali mbili kama hizo.

Katika shule za England watoto huanza kujifunza kupanga maagizo na kusaka hitilafu zake wakiwa na miaka 5, kwa mtaala ulioanza Septemba 2014, na Kenya iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu shuleni mwaka 2022. Mitaala ni rahisi kuichapa. Mwalimu aliyehitimu kabla ya kompyuta kufika shuleni kwake ahitaji muda wa kuandika maagizo yake mwenyewe, kumwona kobe wake akipotea, na kumrejesha njiani, kabla ya kuwasimamia watoto wafanye vivyo hivyo. Fedha za muda huo ziandikwe katika bajeti pamoja na fedha za vyombo, nazo zitolewe kwanza.