Tarehe Kwanza, Kitanda Baadaye

Wanawake wengi wanaoingia chumbani kwangu mara ya kwanza wameandaa mwili. Wameoga mara mbili, wamenyoa usiku wa kuamkia miadi, wamevaa chupi mpya, na baadhi yao wamejisugua ndani kwa sabuni ya dawa hadi ngozi inawaka. Kisha nauliza swali langu la kwanza, lile ambalo bila jibu lake siwezi kufanya kazi: hedhi ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Wanatazama dari. "Mwezi jana, daktari. Katikati hivi."

Natamani maandalizi hayo yangegeuzwa. Nywele hazinisumbui, wala sitarajii uke unukie marashi. Tena kujiosha ndani kunadhuru. Uke una bakteria wake wanaoulinda kwa kutengeneza asidi; ukiwafagia kwa Dettol au kwa maji ya majani fulani, vijidudu vingine hupata nafasi, na harufu uliyokuwa ukiikimbia ndiyo inayokuja. Maji safi kwa nje yanatosha. Nguvu zako ziweke kwenye maelezo, kwa kuwa sehemu kubwa ya siku hiyo ya kwanza ni mazungumzo, umekaa kwenye kiti na nguo zako zote mwilini.

Anza na tarehe. Kwa miezi mitatu kabla ya kuja, weka alama kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani siku damu inapoanza na siku inapokatika. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, si kutoka siku ilipoisha. Kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni unaweza kufika siku 45 na pasiwe na tatizo. Ukifika miaka 15 hujaona hedhi hata mara moja, njoo, usiambiwe tu kwamba utaona ukikua. Andika pia pedi ngapi kwa siku. Ikiwa pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili na hali hiyo inaendelea kwa saa kadhaa, au unaamka usiku kubadilisha, au mabonge makubwa ya damu yanatoka, hiyo ni damu nyingi hata kama mama na shangazi zako wote walikuwa hivyo. Mara nyingine ni faibroidi, vile vivimbe vya mji wa mimba tunavyoviona sana kwa wanawake wetu. Kwa msichana ambaye damu yake imekuwa nyingi tangu hedhi ya kwanza, huenda ni ugonjwa wa damu isiyoganda vizuri, na huo hutibika mtu akiujua.

Maumivu yaeleze kwa kile yanachokuzuia kufanya. "Inauma" hunipa kidogo sana. Lakini ukiniambia kwamba ulimeza Brufen mbili alfajiri, ukatapika, na bado ukashindwa kupanda matatu ya 46 kutoka Kawangware kwenda kazini, hapo tayari nimeshika kalamu. Nairobi imefunzwa somo hili kwa uchungu. Njambi Koikai, mtangazaji aliyependwa na mashabiki wa reggae, alisimulia hadharani jinsi maumivu yaliyomwandama tangu ujana yalivyokaa miaka mingi bila kupewa jina lake. Ilikuwa endometriosisi: tishu zinazofanana na zile za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, na kila mwezi zinavimba na kuchoma. Kwake zilifika kifuani, mapafu yakawa yanaporomoka. Alitibiwa hadi Marekani, na alipopata nafuu aliutumia umaarufu wake kuwasemea wengine mpaka alipofariki mwezi Juni 2024. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu. Leo wasichana huingia wakiutaja kwa jina, na ninaamini wengi wao waliusikia kwake. Maumivu yanayomtoa mtoto darasani kila mwezi si sehemu ya kuwa mwanamke, na daktari anayekujibu "yataisha ukizaa" hajakutibu.

Yapo maswali yatakayokufanya uone haya. Nikiuliza kama umewahi kufanya ngono, siulizi kwa niaba ya mama yako wala ya kanisa. Jibu lako ndilo linaloamua kama nikupime mimba, altrasaundi ifanywe kwa njia gani, na kama kuna haja ya kuchukua sampuli kwenye mlango wa kizazi. Vivyo hivyo nikiuliza kuhusu mimba iliyotoka au iliyotolewa, tembe unazomeza, sindano ya kupanga uzazi, au dawa ulizonunua kwenye duka la dawa mjini kabla ya kunifikia. Hizo za mwisho usizifiche. Nakutana na wanawake waliotumia dawa ya fangasi mara tatu, nne, kwa ugonjwa ambao haukuwa fangasi. Unayoniambia yanabaki kati yetu. Faragha yako imelindwa na Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, na haki yako ya huduma za afya ya uzazi iko Ibara ya 43.

Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huja na mzazi au mlezi, na hilo ni jema. Hata hivyo, kila mara naomba dakika chache na binti peke yake. Alikuja mwanafunzi mmoja wa sekondari, na kila nilipouliza, mama alijibu. "Huyu hana mambo hayo, daktari. Huyu ni shule na nyumbani tu." Nikamwambia, "Mama, asante sana kwa kumleta. Naomba utupishe kidogo, nitakuita sasa hivi." Mlango ulipofungwa, siri iliyotoka haikuwa ya mvulana. Pedi za mwezi zilikuwa zikimwishia siku ya pili, naye akawa anajiwekea vitambaa kimyakimya ili asimwongezee mama gharama. Tulipompima, damu ilikuwa imepungua sana. Mama aliporudi na kuelezwa, alilia, kisha akauliza maswali mazuri kuliko mengi ninayoulizwa. Kwa hiyo, mama, ukiombwa utoke, toka kwa moyo mweupe. Hakuna anayekunyang'anya mtoto.

Hofu kubwa kuliko zote, hasa kwa ambaye hajaolewa, ni benchi la nje: ukionekana pale, mtaa mzima utasema una mimba au umetoka kuitoa. Hofu ya pili ni kwamba daktari atakuharibia ubikira. Kwa msichana ambaye hajafanya ngono, kwa kawaida hakuna haja ya kuingiza kitu chochote. Altrasaundi hupitishwa juu ya tumbo, na kinachohitajika ni kibofu kilichojaa: kunywa maji ya kutosha kama saa moja kabla, na usiende choo hadi uambiwe. Na mzazi anayeniletea binti ili nimkague kama "bado" anarudi bila jibu, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kulitoa. Oktoba 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo la afya, yalitaka ukaguzi huo ukomeshwe kila mahali. Ni udhalilishaji, na ninasema hivyo mbele ya mzazi.

Ikiwa kweli kuna haja ya kupimwa, vaa sketi pana au dera. Utainua nguo hadi kiunoni na kufunikwa shuka. Kubaki uchi si sharti. Unapoweka miadi unaweza kuomba daktari wa kike. Hata daktari akiwa mwanamume, una haki ya kutaka muuguzi wa kike awe chumbani muda wote. Chombo kinachotumika huitwa spekulamu, cha plastiki au cha chuma, umbo lake kama mdomo wa bata. Kina saizi mbalimbali, na ile nyembamba ipo, iulizie. Cha chuma hupashwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Kinapofunguliwa hutoa mlio mdogo, usishtuke. Shusha makalio yalale kitandani, toa pumzi taratibu kwa mdomo, maana misuli ikikaza ndipo panapouma. Kisha brashi ndogo hugusa mlango wa kizazi, ukasikia kama kubanwa kidogo, na huenda ukaona matone ya damu baadaye siku hiyo. Mwisho ni vidole viwili vyenye glavu ndani na mkono mwingine juu ya tumbo. Yote ni dakika chache. Ukisema "acha", daktari anaacha, hata kama amefika katikati. Na kama ulikeketwa, au uliwahi kubakwa, sema kabla ya kupanda kitandani. Hatutakugombeza, tutabadilisha chombo, mwendo, au siku.

Sampuli hiyo ina sababu. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka kukua, na ikikamatwa mapema huzuiwa kabisa, lakini nchini Kenya bado inaua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Mwongozo wa kitaifa unawalenga wenye miaka 25 hadi 49, hata wasiougua chochote. Wanaoishi na VVU huanza mapema na hurudi mara nyingi zaidi. Kama umepewa miadi ya kipimo hicho cha brashi, kiitwacho Pap, kwa siku mbili kabla usifanye ngono wala kuweka dawa ukeni, na kama una hedhi piga simu isogezwe. Kwa wasichana wadogo kinga ni chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani hiyo), iliyoingizwa katika ratiba ya taifa mwaka 2019 kwa wa miaka 10. Hapa kuna jambo la kujivunia: utafiti wa KEN SHE, uliofanyiwa Nairobi, Thika na Kisumu kwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kuwa dozi moja tu hukinga kwa kiwango cha juu sana. Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Binti zetu walioshiriki utafiti huo wamewasaidia wasichana wa dunia nzima.

Uende wapi? Si lazima uanzie kwa mtaalamu wa Upper Hill, Hurlingham au Parklands. Ukiwa unaishi Kangemi, Kawangware au Westlands, vituo vya afya vya kaunti kama Kangemi, Riruta na Westlands vina wauguzi na maafisa wa kliniki wanaoshughulikia uchafu ukeni, kupanga uzazi na uchunguzi wa saratani. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jisajili kwa *147# na ubebe kitambulisho, kwani huduma za ngazi ya 2 na 3 (zahanati na vituo vya afya) hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni ya ngazi ya 6, na barua ya rufaa itakupunguzia mizunguko. Ukichagua kliniki ya kibinafsi, uliza kwa simu ada ya kumwona daktari na bei ya vipimo, maana ni vitu viwili, na hakikisha jina lake liko kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Jambo moja halingoji miadi: ukibakwa, fika hospitali siku hiyo hiyo kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Nairobi Women's Hospital pale Hurlingham ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa bila malipo, na namba ya msaada 1195 hupigwa bure.

Kabla hujaondoka, hakikisha umeandikiwa jina la ugonjwa unaoshukiwa na jina la dawa, kwa herufi zinazosomeka. Uliza majibu ya maabara yatatoka lini na nani atakupigia. Wanawake wengi hupimwa, wakaambiwa "tutakuita", na simu isipopigwa wanadhani wako salama. Miadi ikipita bila simu, piga wewe. Na kama pale kaunta uliandika namba ya mumeo au ya mama kwa mazoea, rudi uibadilishe uweke yako.