Nani Alipie Basi la Jioni? Kodi, Nauli na Usafiri wa Masasi na Newala

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba na minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, kuanza, mtumiaji wa usafiri katika Masasi na Newala hupata gari bila taabu kubwa. Fedha imo mikononi mwa watu, na Noah, Hiace na Coaster huwafuata abiria hadi vijijini. Masika yakifika, fedha imepungua, barabara za udongo zinateleza, na magari yale yale huhamia njia zenye abiria wengi. Anayetoka Hospitali ya Mkomaindo au sokoni saa kumi na mbili jioni hubakiwa na bodaboda, ambayo kwa umbali ule ule hutoza mara kadhaa ya nauli ya basi. Kwa kuwa miji hii, kila mmoja ukiwa na halmashauri yake ya mji, inazidi kutanuka na watu kujenga mbali na vituo, swali limekuwa zito: je, kodi zitumike kugharimia mabasi?

Kwanza ieleweke kwamba mwenye gari anayeiacha njia ya jioni si lazima awe mtu mbaya. Tuchukue mfano wa kubuni. Safari moja humgharimu sh 36,000 kwa mafuta, posho za dereva na kondakta, matairi na marejesho ya mkopo. Nauli ikiwa sh 1,500, anahitaji abiria 24 ili asipate hasara. Jioni akiwapata 10, anakusanya sh 15,000, na pengo ni sh 21,000. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inaweza kuweka kikomo cha nauli ili abiria asinyonywe, lakini kikomo cha nauli hakileti kituoni gari ambalo halipo. Pengo hilo lazima lilipwe na mtu fulani. Kwa sasa hulipwa na abiria, ama kwa nauli ya bodaboda, ama kwa kulala mjini, ama kwa kuiacha safari yenyewe, hata kama ilikuwa ya kliniki.

Hapo ndipo hoja ya kodi inapopata nguvu. Hata hivyo, historia yetu inatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 1970 Serikali ilitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 ikagawanywa: Usafiri Dar es Salaam (UDA) ikabaki na jiji, KAMATA ikapewa safari za mikoani. Nauli za UDA zilizuiwa zisipande, jambo lililomfurahisha abiria, lakini bei za mafuta na vipuri zilipanda na fedha ya kujaza pengo haikuja kwa uhakika. Mabasi yakaharibika, foleni vituoni zikarefuka. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa rasmi kufanya kazi ambayo tayari wengine walikuwa wakiifanya kwa kificho kwa nauli ya sh 5, sarafu iliyoitwa dala. Ndiko lilikotoka jina la daladala. UDA ilikuwa mali ya umma, lakini gharama zake za kila siku hazikuwa na mlipaji wa kudumu.

Wazee wa Newala wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Uwanda wa juu wa Makonde una uhaba mkubwa wa maji, na Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulileta maji kwa kuyasukuma kutoka mabondeni. Kujenga mtambo ni gharama ya mara moja. Nishati, vipuri na fundi ni gharama za kila mwezi. Basi la umma halina tofauti.

Kuna pia ruzuku iliyofichika ambayo watumiaji wengi hawaitambui. Katika daladala za mijini mwanafunzi hulipa nauli ndogo. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka 2023 ilibaki sh 200. Punguzo hilo ni la haki, lakini halilipwi na kodi: hulipwa na mwenye gari. Kwa hiyo kondakta humwona mwanafunzi kama kiti kilichopotea, na tunalaumu tabia yake peke yake ilhali utaratibu wenyewe unamshawishi kumwacha mtoto kituoni.

Fedha itoke wapi? Tozo ya mafuta huingia katika Mfuko wa Barabara, na kazi yake ni barabara. Nchini Ufaransa, tangu mwaka 1971, waajiri wa eneo la Paris hulipa mchango maalumu wa usafiri, lakini Masasi haina waajiri wengi wa namna hiyo. Halmashauri zetu zina ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mauzo ya biashara, na ushuru wa mazao, ambao hupanda na kushuka pamoja na korosho. Basi linalotegemea korosho peke yake litakosa mafuta mwaka ambao bei ni mbaya, yaani mwaka ule ule ambao abiria wanalihitaji zaidi.

Sheria pia inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya vijana hununulia pikipiki au bajaji. Fedha ya umma, basi, tayari imo katika usafiri. Inanunua vyombo, hainunui safari.

Kwa maoni ya mwandishi, halmashauri isinunue mabasi. Inunue safari: itangaze zabuni kwa njia na saa zilizoachwa, imlipe mwenye gari pengo tu, na imlipe baada ya safari kufanyika. Katika mfano wetu, safari moja kwa siku 26 ni sh 546,000 kwa mwezi, kiasi ambacho diwani anaweza kukitetea au kukikataa kwa hoja.

Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Katika mkutano wa mtaa au kijiji, uliza ni njia gani imependekezwa, chanzo gani cha mapato kitailipia masika, na nani atahesabu safari. Huduma ikianza na gari lisipofika, andika tarehe, saa na kituo, kisha upeleke taarifa kwa mtendaji wa kata kabla malipo ya mwezi hayajafanyika.