Mateso ya Utotoni na Mwelekeo wa Kijinsia wa Mtu Mzima: Utafiti Wasema Nini?

Katika huduma ya uchungaji swali hili huletwa pamoja na machozi: je, mtu anayevutwa na wenzake wa jinsia yake alifanywa hivyo na mabaya aliyotendewa utotoni? Wazazi huuliza kwa kujilaumu, na kijana aliyenajisiwa huuliza kwa hofu. Katika makala hii hatukusudii kujadili mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa. Twakusudia kueleza yale ambayo watafiti wameyaona, na mahali ushahidi wao unapokoma.

Dhana ya kwamba malezi mabaya ndiyo chanzo ilipata nguvu mwaka 1962, Irving Bieber na wenzake wa Marekani walipolinganisha wanaume 106 waliovutwa na wanaume na wengine 100 wasiokuwa hivyo. Walidai kwamba chanzo ni mama aliyemng'ang'ania mwanawe na baba aliyejitenga naye. Lakini wanaume hao wote walikuwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa nafsi zao, na habari zao zilitolewa na matabibu wao. Haifai kuwahukumu watu wote kwa kuwatazama wagonjwa peke yao. Mwaka 1981 Alan Bell, Martin Weinberg na Sue Hammersmith walitoa matokeo ya mahojiano yaliyofanyika San Francisco na watu 979 wa kundi la kwanza na 477 wa kundi la pili. Waliona kwamba athari ya wazazi ilikuwa ndogo sana.

Hata hivyo, uhusiano fulani wa kitakwimu upo. Mwaka 2011 Mark Friedman na wenzake walijumlisha tafiti zilizofanywa Marekani na Kanada miongoni mwa vijana wa shule. Waliona kwamba uwezekano wa wale wanaovutwa na jinsia yao kuwa wamedhulumiwa kijinsia ulikuwa, kwa wastani, mara 3.8 ya ule wa wenzao.

Jambo hili laweza kuelezwa kwa njia tatu. Kwanza, yawezekana dhuluma hubadili mwelekeo. Pili, yawezekana mambo yamekwenda kinyume chake, yaani mtoto anayeonekana tofauti na wenzake huonewa kwa sababu ya tofauti hiyo. Mwaka 2012 Andrea Roberts na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao michezo na mienendo yao haikufuata desturi ya jinsia yao walidhulumiwa zaidi, hata wale ambao baadaye hawakuvutwa na jinsia yao. Tatu, mtu mzima aliyekwisha kujichunguza sana huenda akakumbuka na kukiri yale ambayo mwingine huyaficha.

Ili kuepuka udhaifu wa kumbukumbu, Helen Wilson na Cathy Widom walianzia kwenye kumbukumbu za mahakama. Waliwafuatilia watoto ambao mashauri yao ya kudhulumiwa au kutelekezwa yalithibitishwa kati ya 1967 na 1971, pamoja na wengine wa kulinganisha nao. Matokeo yalitolewa mwaka 2010, baada ya watu 944 kuhojiwa walipokaribia umri wa miaka 40. Kupigwa na kutelekezwa hakukuonekana kuhusiana na kuwa na wenzi wa jinsia moja. Wanaume waliodhulumiwa kijinsia walielekea zaidi kusema kwamba waliwahi kuwa na mwenzi wa kiume. Lakini waliodhulumiwa hivyo walikuwa wachache, na kilichopimwa ni matendo, wala si mvuto wa moyoni. Watafiti wenyewe waliuita ushahidi huo kuwa wa awali tu.

Mwaka 2013 Roberts na wenzake, wakitumia takwimu za Wamarekani 34,653, walidai kwamba dhuluma huchangia mwelekeo huo. Hoja yao ilitegemea sharti moja: kwamba mambo kama umaskini au ulevi wa wazazi hayawezi kugusa mwelekeo wa mtoto ila kwa njia ya dhuluma. Drew Bailey na Michael Bailey walilipinga sharti hilo, wakisema kwamba yapo mambo mengine, kama urithi, yanayoweza kuwaunganisha mzazi na mtoto.

Basi mchungaji atajibu nini? Kwanza, asimwambie mzazi kwamba ndiye aliyesababisha, maana ushahidi hauthibitishi hivyo. Amri ya nane, kama Katekisimo Ndogo inavyoifafanua, yatutaka tusimsingizie jirani bali tumtetee. Pili, asimwambie kijana aliyenajisiwa kwamba maisha yake yamekwisha kuamuliwa na yule aliyemdhulumu. Uchunguzi uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamepatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto hao wamo katika shule zetu za Jumapili na madarasa ya kipaimara. Wengi wao hunyamaza, na mvulana hunyamaza zaidi akijua kwamba atakayemwambia ataanza kumshuku. Kwa hiyo mchungaji amsikilize kwanza kama aliyejeruhiwa, ahakikishe kwamba yu salama na anapata matibabu, wala asiyafanye mateso yake kuwa dalili ya kitu kingine.