Filamu ya Dakika 10: Nani Ataitazama?

Kiangazi kilichopita vijana wanne walifika ofisini kwangu. Walikuwa wasichana wawili na wavulana wawili, wanafunzi wa chuo wanaojifunza utangazaji. Mwalimu wao alikuwa amewapa kazi. Watengeneze filamu ya televisheni ya dakika 10. Filamu hiyo isiwe ya kuigiza. Iwe habari ya kweli ya watu wa kweli.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni kutembelea wakulima katika vijiji vya Kasulu na Kibondo. Kamera siijui. Lakini vijana hao walitaka mwenyeji wa kuwapeleka vijijini, nami nikakubali. Katika siku saba tulizokaa pamoja nilijifunza jambo. Kumbe kutengeneza filamu ni kama kulima. Kazi kubwa hufanyika kabla ya kupanda.

Kiongozi wao alikuwa binti mmoja mchangamfu. Alisema, "Shikamoo Bwana Shamba. Tunataka kutengeneza filamu kuhusu kilimo katika Mkoa wa Kigoma."

"Marahaba," nikamjibu. "Kilimo kipi?"

"Chote," akasema.

Nikawaomba tuhesabu. Dakika 10 ni sekunde 600. Kila picha ikikaa sekunde 6, filamu nzima ni picha 100 tu. Katika picha 100 utaweka maharage ya Kasulu, kahawa ya Buhigwe, asali ya Kibondo, michikichi ya kando ya ziwa, mahindi na muhogo? Mtazamaji ataona kila kitu, wala hatashika kitu. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Sembuse mshika sita!

Vijana wakanyamaza. Halafu binti akafunua ukurasa mpya katika daftari lake.

KUCHAGUA JAMBO MOJA

Tulikaa chini ya mwembe, tukajiuliza maswali matatu. La kwanza: jambo hili linawaumiza au kuwasaidia watu wa hapa? La pili: linaonekana kwa macho? La tatu: mtazamaji akiisha kuona, anaweza kufanya nini kesho yake?

Kijana mmoja alipenda asali. Ni jambo zuri, maana watu wa Kibondo ni wafugaji nyuki wa siku nyingi. Lakini mizinga iko mbali porini, na asali ina majira yake. Siku saba zingeisha wakiwa njiani.

Mwingine alitaka bei ya kahawa. Jambo hilo linawagusa wakulima wengi. Lakini bei ni maneno na hesabu. Utapiga picha gani? Utaonyesha mtu mmoja amekaa kitini anasema, na mwingine amekaa kitini anamjibu. Hayo yanafaa redioni.

Ndipo nikawapeleka shambani kwa bibi mmoja mjane. Shamba lake la muhogo lilikuwa zuri machoni, mimea mirefu yenye majani mengi. Bibi aling'oa shina moja, akachukua kisu, akakata muhogo katikati. Ndani kulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo. Akakata wa pili, nao ulikuwa hivyo hivyo. Akakata wa tatu, kisha akakiweka kisu chini.

"Nje mzima, ndani umekufa," akasema kwa Kiha. "Wajukuu wangu watakula nini?"

Kamera haikuwa imewashwa. Lakini vijana wote wanne walitazamana. Walikuwa wamepata filamu yao.

UGONJWA WENYEWE

Msomaji, yafaa uufahamu ugonjwa huu. Unaitwa michirizi ya kahawia. Wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, huko Amani, mkoani Tanga. Kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa pwani na wa nchi za chini. Tangu miaka ya 2000 umeenea pia katika nchi za juu za Afrika Mashariki.

Unaletwa na virusi. Huenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani. Hao huusogeza ugonjwa mwendo mfupi tu. Njia ya pili ni sisi wenyewe. Tunakata pingili kwenye shina lenye ugonjwa, tunazifunga kwenye baiskeli, na kuzipeleka kijiji cha tatu. Inzi hafiki huko, lakini baiskeli inafika.

Ugonjwa huu si batobato. Batobato huonekana upesi, maana majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Michirizi ya kahawia hujificha. Tazama majani ya chini, utaona umanjano kando ya mishipa. Tazama shina, unaweza kuona michirizi. Lakini mara nyingi mkulima huujua siku ya kuvuna, naye ameisha kupoteza mwaka mzima.

NANI ATATAZAMA?

Jioni ile niliwauliza vijana, "Mnamtengenezea nani filamu hii?"

"Wananchi wote," wakajibu.

Nikawapeleka senta, kwenye kibanda cha kuonyesha video. Tuliwakuta wavulana na wanaume wamejaa wakitazama mpira. Nikawaambia, "Hesabuni akina mama." Hawakumwona hata mmoja. Saa ile akina mama walikuwa wanasonga ugali, wanaogesha watoto, au wanatoka kuchota maji.

Kesho yake tulikwenda nyumba kumi kuuliza swali moja tu: hapa nani huchagua pingili za kupanda? Katika nyumba nane walisema ni mama. Basi jibu likawa wazi. Filamu haikuwa ya wananchi wote. Ilikuwa ya mama mwenye shamba la muhogo, ambaye hana televisheni, ambaye haji kwenye kibanda cha video.

Uamuzi huo ulibadilisha mambo mengi. Kwanza, lugha. Vijana walikuwa wamepanga bibi aseme Kiha, na maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya picha. Nikawakumbusha kuwa wengi wetu tumejifunza kusoma ukubwani. Maandishi yale hupita mbio. Kabla mtu hajamaliza neno la tatu, yameondoka. Wakakubaliana bibi asikike kwa Kiha chake, kisha sauti ya mama mwingine ieleze kwa Kiswahili, polepole.

Pili, mahali pa kuonyesha. Chuo kingeitazama darasani, sawa. Lakini kijijini ingeonyeshwa siku ya gulio, saa za mchana, katika darasa la shule, kwa mashine ya kukodi. Wenye simu za picha wangepewa waende nayo nyumbani.

WALIOTUTANGULIA

Swali la nani atatazama si jipya katika nchi yetu. Kuanzia 1935 hadi 1937 Waingereza fulani walitengeneza filamu 35 za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Lori lilizunguka na mashine ya sinema Tanganyika na nchi za jirani. Watazamaji walikuwa Waafrika, lakini waliosimamia kazi na kuchagua mafunzo walikuwa wageni.

Televisheni yenyewe ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Lakini katika mwaka huo huo wa 1973, Bara iliendesha kampeni kubwa kwa redio, iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake haichimbi choo. Vivyo hivyo filamu peke yake haing'oi muhogo wenye ugonjwa. Lazima baada ya picha watu wazungumze.

Siku hizi wapo majirani wanaofanya vizuri. Tangu 2012 kipindi cha Shamba Shape Up cha Kenya kimekuwa kikienda kwa mkulima mmoja, kwenye shamba moja, na kurekebisha yaliyoharibika pale. Mtazamaji anaona mtu kama yeye.

Lakini liko pia funzo la Mwanza. Mwaka 2004 ilitoka filamu iitwayo Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria. Ulaya ilipata sifa na zawadi. Hapa nyumbani, mwaka 2006, Rais Jakaya Kikwete aliilalamikia hadharani, na watu waliandamana Mwanza. Wengine waliitetea. Mimi sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninalosema ni hili: ukimpiga mtu picha ili atazamwe na watu wa mbali, kumbuka kwamba naye ana macho, na ana majirani.

MANENO YALIYONICHOMA

Siku ya nne kijana mmoja alinionyesha alichoandika. Alikuwa amegundua kwamba bibi yule mjane aliwagawia majirani sita pingili zake. Majirani wote sita sasa walikuwa na ugonjwa. Kijana aliandika, "Filamu itaanza kwa mwanamke aliyeeneza ugonjwa kijijini."

Niliyasoma maneno yale mara mbili. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa kwetu pingili haziuzwi kwa jirani. Jirani akikosa mbegu, unampa. Bibi alifanya wema. Ukimwonyesha hivi, kesho hatapata wa kumsalimia kisimani."

Kijana akajibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Bwana Shamba, ni kweli au si kweli kwamba ugonjwa ulitoka kwake?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Bibi naye alipewa pingili zile. Na aliyempa ni mimi.

Miaka michache nyuma, mvua za vuli zilikuwa zimeanza na watu hawakuwa na mbegu. Nilipata mzigo wa pingili kutoka shamba moja lenye majani mazuri. Sikung'oa hata shina moja kutazama mizizi. Nilikuwa na haraka. Nikagawa nyumba 23, na watu wakanishukuru.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi niliwaambia vijana wote wanne habari hiyo. Kisha nikamwambia binti, "Washa kamera. Nitaisema mwenyewe."

Nilisimama katika shamba la bibi, naye akiwa kando yangu. Nilisema kwamba mimi ni Bwana Shamba, nina cheti cha kilimo, na niligawa mbegu bila kuikagua. Nikasema kwamba kama mimi nilidanganywa na majani, mtu yeyote anaweza kudanganywa. Kwa hiyo ng'oa kwanza, kata kwanza, tazama kwanza. Bibi akanitazama kwa muda, kisha akanipa kisu.

Hiyo ndiyo ikawa picha ya kwanza ya filamu.

MPANGO KWENYE KARATASI MOJA

Vijana waliandika mpango wao wote kwenye karatasi moja. Nauweka hapa, maana unaweza kumsaidia mwanafunzi mwingine, hata mwalimu wa shule ya kijijini.

1. Jambo letu: kuchagua pingili safi za muhogo.
2. Mtazamaji wetu: mama anayelima muhogo, Kasulu na Kibondo.
3. Tunataka afanye nini: ang'oe na kukata mihogo ya mashina kadhaa kabla ya kuchukua pingili. Akiona kahawia, asipande wala asimpe jirani.
4. Watakaoonekana: bibi, Bwana Shamba, jirani mmoja. Kila mmoja aombwe ruhusa, naye aione filamu kabla ya watu wengine.
5. Picha muhimu: kisu kinakata muhogo mbovu, kisu kinakata muhogo mzima.
6. Majaribio: tuwaonyeshe akina mama sita kwanza, tuwaulize wameelewa nini.

Majaribio hayo yalisaidia sana. Akina mama watatu kati ya sita walidhani kwamba muhogo wote wenye jani la manjano ni wa kutupa. Kumbe jani la chini huweza kuwa manjano kwa kuzeeka au kwa jua. Vijana wakaongeza picha moja ya kulinganisha.

SIKU YA GULIO

Baada ya mwezi mmoja walirudi na filamu. Darasa lilijaa, wengine wakasimama madirishani. Picha yangu ilipotokea watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Nilitazama chini. Ilipokwisha, mzee mmoja alisema, "Bwana Shamba, na mimi ulinigawia." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu. Na wewe."

Halafu bibi akasimama. Hakuzungumza habari ya picha yake. Aliuliza, "Tumeona mbegu mbovu. Hiyo safi mtatuletea lini?"

Vijana walinigeukia. Filamu haikuwa na jibu la swali hilo, na wala halikuwa swali lao. Lilikuwa langu.

Tangu siku ile nimelifanyia kazi. Msimu huu kikundi cha akina mama kimepanda robo eka ya mbegu iliyokaguliwa, karibu na shule. Haitoshi kijiji kizima. Kila mwezi tunapita mstari kwa mstari, na shina lenye dalili tunaling'oa na kulichoma. Bibi ndiye anayetunza kisu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika nyumba yako, nani huchagua mbegu ya kupanda?
2. Jirani akikuomba pingili, nawe huna hakika kama ni safi, utamwambia nini bila kumvunja moyo?
3. Wanafunzi wakija kijijini kwenu na kamera, mngependa waonyeshe jambo gani moja? Na nani alitazame?