Kupigwa Msasa: Wanubi wa Kibera na Kitambulisho cha Kitaifa

Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Kutokana nao, Kiswahili cha Kenya kimepata usemi "kupigwa msasa", yaani kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Makala haya yanafafanua jinsi msasa huo ulivyotumiwa katika utoaji wa vitambulisho, kwa kurejelea Wanubi wa Kibera.

Wanubi ni wazawa wa askari kutoka Sudan waliohudumu katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliruhusiwa kukaa Kibera, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Hata hivyo, serikali ya kikoloni haikuwapa hatimiliki za ardhi, wala haikuwatengea eneo la kikabila kama ilivyozifanyia jamii nyingine.

Pengo hilo lilirithiwa baada ya uhuru mwaka 1963. Kijana wa jamii nyingi za Kenya, akitimiza miaka 18, alihitaji hasa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Kijana wa Kinubi, sawa na Msomali, aliitwa pia mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa serikali, na aghalabu alidaiwa vielelezo vya babu na nyanya. Bila kitambulisho, hakuweza kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kupata ajira rasmi.

Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kupata uraia na ya kutobaguliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 Kibera. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani.

Haimaanishi kwamba dola isihakiki. Hati za kughushi zipo, na kila nchi ina wajibu wa kuwajua raia wake. Tatizo ni kwamba mjukuu alidaiwa karatasi ambayo babu yake hakupewa na dola yenyewe. Seremala mwadilifu hupiga msasa mbao zote za meza. Akiuandama ubao mmoja tu kila siku, hataulainisha, bali ataumaliza.